Kufunga jenereta kwenye boti ya futi 38: ya dizeli ndani au ya petroli ya kubeba? Wazoefu naombeni mwongozo

Chelezo

Wakuu, habari za humu.

Nina boti ya fibaglasi ya futi 38, injini moja ya dizeli ndani, vyumba viwili vya kulala. Umeme wa sasa ni betri za volti 12 zinazochajiwa na altaneta ya injini kubwa, na tukiwa gatini tunachomeka umeme wa nchi kavu. Shida inaanza tukitia nanga. Kuna viyoyozi viwili vya BTU 12,000 kila kimoja, hita ya maji ya wati 1,200, chaja ya betri, friji na taa. Gatini vyote vinapiga kazi, nje ya gati vinabaki mapambo.

Nimekwama kati ya mawili. Jamaa tunayepakana naye gatini ananiambia nichukue jenereta ndogo ya petroli ya kubeba, niiweke sitahani kwenye tezi, yaani nyuma, nivute waya mpaka kwenye soketi ileile ya umeme wa gatini, basi. Fundi wangu anataka tufunge ya dizeli kwenye chumba cha injini, maana nafasi ipo upande wa kulia na tangi la dizeli lipo tayari.

Naomba kujua: ukubwa gani unanitosha? Maji ya kupoza na moshi vinapitaje? Umeme wake naunganishaje na ule wa gatini bila kuunguza vitu? Na kazi zipi naweza kuzifanya mwenyewe kama nina spana na subira?

Natanguliza shukrani.

---

Kusi Kali

Ngoja waje wenye boti zao. Sisi wa makasia tupo pale kwenye benchi la nyuma tunasoma.

---

Pweza Mweusi

Mkuu usijichoshe. Chukua ya petroli ya kubeba, ile ya inveta yenye sauti ndogo. Unaiwasha unapoihitaji, ikiharibika unaishusha mkononi unampelekea fundi. Ya dizeli ndani utatoboa boti, utapitisha mabomba, utaongeza kilo zaidi ya mia na nusu chini, halafu impela, lile gurudumu la mpira la pampu ya maji, ikikatika saa nane usiku utakuwa umelala kifudifudi kwenye ngama, kule chini kabisa ya boti, na tochi mdomoni.

---

Fundi Ngama

Pweza, la impela nakubaliana nawe. Hayo mengine hapana.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukimwagika wakati unajaza tangi la jenereta sitahani, haupandi juu ukapotea. Unatafuta pa kushukia: mlango wa chumba, tundu la waya, mfuniko wa chumba cha injini. Unakwenda kulala kwenye ngama ukisubiri cheche. Na chini humo cheche hazikosekani: swichi ya pampu ya ngama, stata, altaneta. Boti za petroli zina vifaa vilivyotengenezwa visitoe cheche nje, zina na feni ya kunyonya mvuke ambayo unaiwasha walau dakika 4 kabla ya kupiga stata. Boti ya dizeli haina hivyo vyote, haikujengwa kwa ajili ya petroli. Ukipandisha galoni la petroli humo umeingiza mgeni ambaye nyumba haikumwandalia kitanda.

Pili, moshi. Eksozi ya jenereta ya kubeba inatoka pembeni ya mashine yenyewe, yaani kimo cha goti, hatua chache kutoka mlango wa chumba unacholala. Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, uzito wake unakaribiana na wa hewa kwa hiyo inachanganyika na kuenea kila pembe. Ikiingia kwenye damu inashikana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na ushee. Mtu aliyelala haamki kukohoa. Anaendelea tu kulala.

Na usidhani kuwa nje ni salama kwa sababu ni nje. Kule Marekani, kwenye ziwa Lake Powell, mwaka 2000 wachunguzi wa serikali waliingia kazini baada ya vifo kwenye boti za kuishi. Jenereta za petroli zilikuwa zinatoa moshi nyuma, chini ya jukwaa la kuogelea. Watu walikuwa wanafia majini, uwanjani kweupe, kwa sababu gesi ilikuwa imejikusanya kwenye ule uwazi chini ya jukwaa. Waogeleaji wazuri kabisa.

Kwa hiyo mimi nasimama na fundi wake: dizeli, ndani, yenye kupozwa na maji ya bahari. Dizeli nayo inatoa hiyo gesi, ila kidogo sana ukilinganisha na petroli.

---

Pweza Mweusi

Naheshimu, ila watu wengi tu wanatumia hizo za kubeba mwaka mzima na wako hai.

---

Fundi Ngama

Ni kweli wako hai. Wasio hai hawachangii uzi.

---

Waya Tatu

😂 Fundi una maneno makali leo.

Chelezo, tuanze na hesabu, maana watu wengi wananunua jenereta kwa kukadiria, na karibu wote wanakosea kwa kuchukua kubwa mno.

Kiyoyozi cha BTU 12,000 kikishatulia kinakula kama kilowati 1.2 hivi, pamoja na pampu yake ya maji. Viwili, 2.4. Hita ya maji 1.2. Chaja, kama ni ya ampea 60 kwa volti 12, chukulia 1. Friji na taa usizihesabu sana. Jumla unafika karibu kilowati 4.7 vyote vikiwaka kwa pamoja.

Lakini mota ya kiyoyozi wakati wa kuanza inavuta mkondo mara 3 hadi 6 ya ule wa kawaida, kwa muda mfupi sana. Hapo ndipo jenereta ndogo inapojikunja, taa zinafifia, kiyoyozi kinashindwa kuanza. Watu wakiona hivyo wanakimbilia jenereta ya kilowati 9. Usifanye hivyo. Weka kifaa cha kulainisha mwanzo kwenye kila kompresa, sofuti-stata, kinapunguza huo mvuto kwa kiasi kikubwa. Kisha amua kuwa hita ya maji haiwaki wakati viyoyozi vyote vinafanya kazi. Hita inawaka asubuhi, watu waoge, inazimwa. Hapo jenereta ya kilowati 4 hadi 5 inakutosha na inabeba mzigo unaoeleweka.

Kwa nini nisichukue kubwa nikae kwa raha? Kwa sababu injini ya dizeli haipendi kukaa bila kazi. Ikiendeshwa chini ya asilimia 30 ya uwezo wake kwa muda mrefu haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa kwenye eksozi, ukuta wa silinda unang'aa kama kioo na ringi zinashindwa kuziba, unaanza kuona mafuta meusi yanaelea juu ya maji nyuma ya boti. Jenereta ya kilowati 9 inayowasha kiyoyozi kimoja usiku kucha inazeeka kabla ya siku zake.

Na ukiangalia bango la mashine, usichanganye kVA na kilowati. Mashine ya kVA 5 kwa mizigo yenye mota inaweza kukupa kilowati 4 tu.

---

Kidau

Naomba kuuliza swali la kijinga. Kuna jenereta ya mizunguko 1,500 na nyingine ya mizunguko 3,000, zote zinaandikwa hezi 50. Inakuwaje?

---

Waya Tatu

Si la kijinga. Ni idadi ya poli za sumaku ndani ya altaneta. Yenye poli 4 inahitaji mizunguko 1,500 kwa dakika kutoa hezi 50, yenye poli 2 inahitaji 3,000. Kwa hezi 60 ni 1,800 na 3,600. Ya mizunguko 1,500 ni nzito, kubwa, ina utulivu na inadumu. Ya 3,000 ni nyepesi, inaingia sehemu ndogo, inapiga kelele zaidi. Kuna na aina ya tatu yenye inveta, ambayo injini inabadilisha mwendo kulingana na mzigo na inveta ndiyo inayotengeneza hezi. Hiyo inapunguza lile tatizo la mzigo mdogo, ila ina vifaa vya elektroniki vingi na chumba cha injini ni pahala pa joto na chumvi. Kama wewe ni mtu wa kukaa mbali na mafundi, mimi ningekuchagulia ya 1,500.

---

Mama Tanga

Kabla hamjamtobolea mwenzenu boti, naomba nitie neno.

Chelezo, saa ngapi kwa siku unahitaji viyoyozi? Kama ni usiku kucha, basi jenereta, sina ubishi. Lakini kama ni kupooza chumba saa mbili kabla ya kulala, fikiria betri za lithiamu, inveta kubwa, altaneta kubwa zaidi kwenye injini uliyonayo, na sola juu ya paa. Hakuna tundu jipya chini ya usawa wa maji, hakuna moshi. Mimi nimeishi hivyo na sijutii.

---

Chelezo

Dada Mama Tanga, asante. Ni usiku kucha, na tunao watoto na mzee ambaye hawezi joto. Nimepiga hesabu: viyoyozi viwili kwa saa 8 ni karibu kilowati-saa 19, hata kama kompresa zinapumzika nusu ya muda bado ni karibu 10 kila usiku. Paa langu halina nafasi ya sola ya kurudisha hizo.

---

Mama Tanga

Basi hapo umeshajijibu, mdogo wangu. Funga jenereta. Ila weka vitambua gesi ya kaboni monoksaidi, kimoja kila chumba cha kulala na kimoja sebuleni, viwe vya boti na si vya nyumbani, na uvifunge kabla jenereta haijawashwa mara ya kwanza. Wengi wanavinunua mwisho, na mwisho haufiki.

---

Fundi Ngama

Sasa tufike kwenye maji na moshi, maana hapa ndipo jenereta zinapofia. Mashine yenyewe inakuja imefungwa kwenye boksi lake la kuzuia kelele, imejaribiwa kiwandani, huna cha kuharibu. Boti nyingi nilizoitwa kwenda kutazama, tatizo halikuwa jenereta. Lilikuwa mabomba yaliyofungwa na mtu aliyejua injini za magari.

Maji yanapita hivi. Yanaingia kwa tundu chini ya boti lenye valvu yake ya kufunga, yanakwenda kwenye kichujio, yanafika pampu yenye impela ya mpira, yanapita hiti-eksichenja kupoza kipozeo cha injini, kisha yanamwagwa ndani ya elbo ya eksozi yachanganyike na moshi. Kuanzia hapo maji na moshi vinasafiri pamoja. Ndiyo maana unaweza kutumia bomba la mpira, maana maji yanaupoza moshi. Maji yakikatika, mpira unaungua kwa dakika chache.

Mchanganyiko huo unashuka kwenye wotaloki, lile tangi la plastiki lililo chini kuliko elbo. Maji yanajikusanya humo, presha ya moshi inayasukuma juu kwenye bomba, yanapanda hadi sehemu ya juu kabisa halafu yanateremka kutoka nje ubavuni au nyuma.

Shika haya.

Tundu la maji liwe la jenereta peke yake, usigawane na injini kubwa. Usifunge kile kikombe cha nje chenye mdomo unaotazama mbele. Boti ikikimbia na jenereta imezimwa, mdomo ule unakusanya maji na kuyasukuma kupita impela. Yanajaza wotaloki, yanapanda eksozi, yanaingia kwenye silinda. Weka tundu la kawaida lililolala sawa na ubavu.

Pima elbo iko wapi ukilinganisha na usawa wa maji, boti ikiwa imebeba mizigo yake yote, matangi yamejaa na watu wamo. Kama pale maji yanapomwagwa kwenye elbo pako chini ya usawa wa maji, au juu yake kwa chini ya sentimita 15, ni lazima bomba la maji lipande kwanza. Lipande mpaka angalau sentimita 30 juu ya usawa wa maji, pale juu liwe na valvu ya kuingiza hewa, ndipo lishuke kwenye elbo. Bila hiyo valvu, ukizima jenereta maji yanaendelea kujivuta yenyewe kama unavyovuta mafuta kwa mpira kutoka kwenye tangi. Unazima saa nne usiku ukalala. Asubuhi silinda zimejaa maji ya chumvi.

Na boti yako jenereta inakaa pembeni upande wa kulia, si katikati juu ya mkuku. Boti ikilalia kulia, usawa wa maji unapanda kwa upande huo. Pima kwa hali hiyo, si kwa boti iliyotulia gatini. Kama una namna ya kuisogeza karibu na katikati, isogeze.

---

Pweza Mweusi

Hiyo valvu ya hewa huwa inaziba chumvi na kuanza kuvuja maji juu ya injini. Mimi niliitoa kwenye yangu ya zamani nikaziba, miaka yote haikuleta shida.

---

Fundi Ngama

Elbo yako ilikuwa juu ya usawa wa maji kiasi gani?

---

Pweza Mweusi

Juu sana, jenereta ilikuwa sitaha ya kati.

---

Fundi Ngama

Basi hukuihitaji tangu mwanzo. Yeye anaihitaji. Na dawa ya kuvuja si kuiziba. Unaifungua, unaiosha kwa maji baridi, unairudisha, au unaunganisha kijibomba chembamba pale juu ukakipeleka nje ubavuni kimwage maji huko. Kwa kijibomba hicho unapata faida nyingine: ukikiona kinatoa maji, unajua pampu inafanya kazi.

---

Kidau

Mafundi, maji yakishaingia kwenye silinda unajuaje?

---

Fundi Ngama

Unapiga stata, inasema "tk" na kusimama. Si ule mlio mzito wa betri dhaifu, ni kugota kabisa kama umefungia chuma. Betri nzima, nyaya nzima, mashine haizunguki. Hapo ondoa kidole kwenye swichi. Maji hayabonyei; ukilazimisha, kinachopinda ni konekting rodi.

Nimewahi kuitwa kwenye hali hiyo. Mwenye boti alikuwa amepiga stata asubuhi nzima akitafuta kwa nini haiwaki. Kumbe tatizo la kwanza lilikuwa hewa kwenye mafuta, kitu kidogo tu. Lakini kila alipopiga stata, pampu ya maji ilikuwa inazunguka na kumwaga maji kwenye eksozi, na kwa kuwa injini haikuwaka hapakuwa na moshi wa kuyasukuma nje. Wotaloki ikajaa, maji yakarudi nyuma. Tulifungua nozeli, tukafunika matambara juu yake, tukaizungusha. Maji yaliruka mpaka dari ya chumba cha injini. Tukamwaga oili, ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa, tukaweka mpya, tukawasha, tukamwaga tena, tukaweka tena, mpaka ikatoka safi. Iliokoka kwa sababu tuliikuta siku ileile. Chumvi ikilala humo siku mbili tatu, unatafuta mashine nyingine.

Kwa hiyo kanuni: ikikataa kuwaka mara ya pili, funga valvu ya maji kabla ya kuendelea kupiga stata. Ikiwaka tu, fungua hapohapo. Andika hilo kwa wino mzito ubandike karibu na swichi.

Na bomba la eksozi kutoka kilele chake kwenda nje lishuke mfululizo, angalau sentimita 4 kwa kila mita, pasipo tumbo la kukusanya maji. Tundu la kutokea liwe juu ya usawa wa maji, mbali na madirisha, mbali na ngazi ya kuogelea. Mpira uwe ule wa eksozi ya boti wenye waya ndani, si wa rediyeta. Kila muungano uwe na vibano viwili vya chuma kisichoshika kutu. Na wotaloki iwe na nafasi ya kupokea maji yote yanayorudi kutoka kwenye bomba ukizima.

---

Chelezo

Fundi, shusha pumzi kwanza 😅 Nimenakili yote. Nimepima leo jioni: elbo itakuwa sentimita 8 tu juu ya usawa wa maji. Kwa hiyo valvu ya hewa ni lazima.

Sasa umeme. Waya Tatu, soketi ya gatini nifanyeje?

---

Waya Tatu

Kwanza, futa kabisa wazo la kuchomeka jenereta kwenye soketi ya gatini. Siku moja mtu atawasha jenereta huku waya wa gatini umechomekwa, na vyanzo viwili visivyokwenda pamoja vitakutana. Kitakachoungua hutakichagua wewe.

Unafunga swichi ya kuchagua: gati, sifuri, jenereta. Ya kuzungusha kwa mkono, iliyotengenezwa kiasi kwamba haiwezekani kugusa pande mbili kwa wakati mmoja. Ni muhimu sana ikate laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) zote mbili. Kuna swichi za majumbani zinakata laivu peke yake. Hizo waachie wa nchi kavu.

Kwa nini na nyutro? Jenereta inapofanya kazi, yenyewe ndiyo chanzo cha umeme. Nyutro yake inaunganishwa na ethi pale kwenye fremu ya jenereta, ili hitilafu ikitokea breka iruke. Lakini ukiwa umechomeka gatini, chanzo kiko nchi kavu na huo muungano uko huko. Ukiwa na muungano wa pili ndani ya boti wakati huo, sehemu ya mkondo inarudi kwa kupitia waya wa ethi, na kutoka hapo inaingia kwenye vyuma vya boti na kwenye maji. Kwenye maji ya chumvi propela na valvu zinaweza kuliwa. Kwenye maji baridi ni mbaya zaidi, kwa sababu mwili wa binadamu unapitisha umeme vizuri kuliko maji yenyewe, na mtu anayeogelea karibu misuli inakakamaa anazama. Swichi inayokata nyaya zote mbili inaiacha nyutro ya jenereta na muungano wake nje ya mchezo ukiwa gatini. Waya wa ethi wenyewe haukatwi popote.

Yale mengine ni ya kawaida: breka ya nyaya mbili karibu na jenereta kadiri inavyowezekana, kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampea 30, waya wa nyuzi nyingi zilizopakwa bati. Waya mgumu wa uzi mmoja wa nyumbani usiingie kwenye boti, mtikisiko unaukata taratibu ndani ya plastiki na huoni.

Betri ya stata ya jenereta iwe yake peke yake. Unapoikuta boti imekufa betri zote, hiyo ndiyo itakayokurudisha mjini.

---

Kusi Kali

Huku benchi la nyuma tumeanza kuelewa kwa nini makasia hayana nyutro.

---

Chelezo

Waya Tatu, swichi ya sasa iliyopo ni ya kukata laivu tu. Itatoka. Kazi ya nyaya nitamwachia mwenye cheti, mimi nitavuta mabomba na kujenga kitako.

---

Mama Tanga

Kitako usikidharau. Usifunge jenereta kwenye sakafu ya mbao ya chumba cha injini. Jenga mihimili miwili iliyoshikamana na mataruma ya boti, ipake fibaglasi, ndipo ufunge maunti za mpira juu yake. Mimi yangu ya awali, kabla ya sola, ilifungwa juu ya plaiwudi. Usiku boti nzima ilikuwa ngoma.

Na kabla hujatoboa tundu la boliti hata moja, weka boksi la kadibodi lenye vipimo vya jenereta pale pahala, halafu jifanye unabadilisha impela, filta ya oili, unatoa zinki (kile kipande cha madini kinacholiwa na kutu badala ya mashine). Mkono ukishindwa kufika sasa, hautafika baadaye kukiwa na mawimbi. Mashine nyingi zina upande mmoja wa sevisi, huo ndio utazame njiani.

---

Pweza Mweusi

Hilo la boksi ni la dhahabu. Nakubali.

Na tafadhali impela ikikatika, usiweke mpya tu ukashangilia. Hesabu mabawa yaliyobaki kwenye ile ya zamani. Kila kipande kilichokosekana kiko mahali fulani mbele, mara nyingi mdomoni mwa hiti-eksichenja. Usipokitoa, mashine itachemka tena.

---

Chelezo

Swali la mwisho, wakuu. Tangi la dizeli lina bomba moja la kutolea mafuta, linakwenda injini kubwa. Fundi anataka kuweka T hapo nijipunguzie kazi ya kufungua tangi. Sawa?

---

Fundi Ngama

Hapana. Ukiweka T, mashine moja ikinyonya inaweza kuvuta hewa kupitia nyingine iliyozimwa. Injini kubwa ikizimika kwa hewa unapoingia mlango wa bandari utamkumbuka aliyekushauri. Fungua tangi, weka bomba la pili la jenereta, na ulikate liwe fupi kuliko la injini kubwa, libaki juu kidogo kutoka sakafu ya tangi. Mafuta yakipungua mno, jenereta inazimika kwanza kwa kukosa, na injini bado ina akiba ya kukufikisha. Weka filta yake ya kutenga maji, na mafuta yanayorudi yarudi tangi hilohilo.

---

Waya Tatu

Nyongeza kwa siku ya kwanza: washa bila mzigo, mwenzako akiwa nje anatazama eksozi. Maji yatoke kwa kurushwa-rushwa ndani ya sekunde chache. Yasipotoka, zima. Mlio wa moshi mkavu ni tofauti kabisa, utaujua. Acha ipate joto, pima volti na hezi kabla ya kugeuza swichi, kisha ongeza mzigo mmoja mmoja. Oili ya kwanza mara nyingi inabadilishwa baada ya saa 50 hivi, angalia kitabu cha mashine yako.

---

Mama Tanga

Na siku mkifunga boti mbili ubavu kwa ubavu, angalia eksozi yako inatazama wapi. Kitambua gesi kilichoko kwako hakimsaidii aliyelala kwenye boti ya jirani na dirisha lake liko usawa wa tundu lako.

---

Chelezo

Hilo sikuliwaza kabisa, na huyo jirani wa petroli ndiye tunayefunga naye kila wikiendi. Tundu ninalihamishia nyuma upande wa kulia, ngazi ya kuogelea iko kushoto, na tukifungana yeye atakaa kushoto.

---

Fundi Ngama

Nyuma kulia ni sawa, ila bomba litarefuka. Pima tena ule mteremko wa sentimita 4 kwa mita, na uangalie kwenye kitabu urefu wa mwisho wanaoruhusu. Moshi ukipata kizuizi kingi mashine inakosa nguvu na kutoa moshi mweusi.